Kuhakiki Umri wa Bibi Aliyepita Miaka Mia na Kuandika Maisha Yake: Mwongozo kwa Familia za Moshi na Arusha

Historia ya marehemu mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia maziko, chini ya turubai, na wajukuu watatu walioshika simu huku wakiulizana mama mkubwa alizaliwa lini. Ndiyo maana bibi mmoja huwa na miaka 104 kwenye tangazo la kifo, 108 kwenye historia inayosomwa kanisani na 112 kwenye marumaru ya kaburi. Mwanamke aliyeshusha kahawa mlimani kichwani, akazika wengine aliowazaa na bado akafika umri huo, anastahili tarehe ya kweli na maneno ya kweli.

Kazi yenyewe si ngumu ila inataka subira. Tenga wiki sita hivi. Utahitaji kaunta buku moja la kurasa nyingi, simu yenye kinasa sauti, nauli ya kwenda kanisani mara mbili au tatu, na ndugu mmoja asiyechoka kuuliza. Sharti kubwa ni moja: ifanyike bibi akiwa hai, na ianze leo.

Anza na sanduku

Usianze kwa kumuuliza bibi ana miaka mingapi. Ukimuuliza hivyo atakupa namba aliyoisikia kwa wanawe, na wanawe waliisikia kwa jirani. Anza na makaratasi. Katika nyumba nyingi yako kwenye sanduku la bati uvunguni, kwenye mkoba wa zamani juu ya kabati, au ndani ya Biblia. Unachotafuta ni cheti cha ubatizo, kadi ya kipaimara, cheti cha ndoa, stakabadhi za kodi za marehemu babu, kadi ya TANU, kitabu cha chama cha msingi cha kahawa, kadi za kliniki za watoto wa mwisho, barua, na picha zenye maandishi nyuma. Karatasi ya babu ina thamani sawa na ya bibi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha lini nyumba yao ilianza.

Piga picha kila karatasi pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha au barazani kivulini, bila kuwasha taa ya simu kwa maana mwanga wake huufanya wino uliopauka usionekane pichani. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha rudisha kila kitu ulipokikuta. Usipeleke karatasi ya zamani kutiwa plastiki ya moto: ikishashikana haitoki tena, na wino wa zamani hubadilika rangi. Usiondoke na karatasi halisi hata kama mjomba ameruhusu, kwa kuwa karatasi zinazoondoka kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kwa siku mbili hurudi nusu.

Kitambulisho cha Taifa kiandike, lakini usikitegemee. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe iliyotajwa wakati wa kuandikishwa ndiyo iliyogandishwa pale. Ukikuta 0101 au 0701 baada ya mwaka, yaani tarehe 1 Januari au 1 Julai, elewa kwamba kuna uwezekano mkubwa siku haikujulikana na mwaka wenyewe ulikisiwa. Kadi ya mpiga kura ni vivyo hivyo. Hizi zinathibitisha nani ni nani. Umri zinaurudia tu kama ulivyotamkwa.

Kitabu cha ubatizo

Waafrika wengi wa vijijini waliozaliwa enzi za Mjerumani na za Mwingereza hawakuandikishwa serikalini. Walioandika ni makanisa. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Upande wa Meru na Arusha, misheni za Nkoaranga na Ilboru zilianza miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hivyo kwa msichana aliyezaliwa kati ya 1910 na 1930 kwenye miteremko hii, jina lake linaweza kuwepo kwenye daftari fulani hadi sasa.

Kwanza jua alibatizwa wapi. Usharika anaosali sasa ni wa upande wa mume. Ubatizo wa utotoni uko kwa baba yake. Bibi aliyeolewa Marangu kutoka Mamba atafutwe Mamba. Tena sharika na parokia nyingi zilizaliwa kwa kugawanywa, na vitabu vya zamani hubaki kwa mama yao, kwa hiyo uliza: kabla kanisa hili halijajengwa, watu wa hapa walikuwa wanasali wapi?

Nenda na barua fupi kwa mchungaji au paroko. Iseme wewe ni nani kwa bibi, unatafuta jina gani, jina la baba na la mama yake, kijiji, na miaka unayokisia. Omba kuonyeshwa kitabu, usiombe tu kuandikiwa cheti kipya. Cheti kipya ni nakala ya macho ya katibu. Kitabu ndicho kinachosema. Nawa mikono, ikauke, funua ukurasa kwa kona ya juu, na usiulambe kidole. Tafuta miaka 10 kabla na miaka 15 baada ya mwaka unaodhaniwa, maana wasichana wengi wa vizazi vile walibatizwa wakubwa, wengine wiki chache kabla ya ndoa.

Ukipata mstari wake, nakili mstari wote pamoja na namba, kisha nakili mistari miwili ya juu na miwili ya chini. Sababu ni hii: mistari ya jirani inakuonyesha kama tarehe zinafuatana kwa mpangilio au kama ukurasa mzima ulinakiliwa baadaye kwa mkono mmoja na kalamu moja. Ukurasa ulioandikwa siku kwa siku huwa na wino unaobadilika na mwandiko unaopinda. Ukurasa ulionakiliwa ni msafi mno.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo soma polepole. Kwenye vitabu vya Kikatoliki lugha ni Kilatini. Neno nata linatangulia tarehe ya kuzaliwa, baptizata linatangulia ya ubatizo, na circiter maana yake ni takriban, kwa hiyo palipoandikwa annorum circiter 16 padre alimtazama binti na kukisia kwamba ana miaka 16. Miezi huweza kufupishwa kwa namba: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na Xbris ni Desemba. Anayesoma 8bris kama mwezi wa nane amekosea miezi miwili, na anayesoma Xbris kama Oktoba vivyo hivyo.

Kwenye vitabu vya Kilutheri vya zamani utakuta Kijerumani: geb. ni kuzaliwa, get. ni kubatizwa, gest. ni kufariki. Mjerumani huandika 1 yenye mkia mrefu wa kupanda inayofanana na 7 ya kwetu, na 7 yake ana desturi ya kuikata katikati. Mwaka 1911 unaosomwa 1917 unampunguzia bibi miaka sita hivihivi. Linganisha tarakimu hiyo na nyingine kwenye ukurasa uleule ambazo huna shaka nazo. Ukivuka mwaka 1920 usishangae mwandiko kubadilika ghafla, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini mwaka huo baada ya vita na kurudi katikati ya muongo ule.

Angalia pia alama ya msalaba mdogo pembeni ya jina. Mara nyingi ni alama ya kwamba huyo alifariki. Kama binti uliyempata ana msalaba na mwaka wa zamani pembeni yake, huyo si bibi yako, huenda ni dada yake. Wachagga wanarudisha majina: binti wa kwanza humbeba bibi mzaa baba, wa pili bibi mzaa mama, na mtoto akifariki anayefuata huweza kupewa jina lilelile. Katika ukoo mmoja utakuta majina matatu yanayofanana ndani ya miaka 20. Jina la ubatizo nalo halisaidii sana, maana kila parokia ina akina Maria na Elizabeti wake. Kinachomtenganisha ni jina la mama, la msimamizi wa ubatizo, na mtaa.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwa Wakatoliki uko pembezoni mwa ukurasa. Sheria ya kanisa inataka ndoa iandikwe kwenye mstari wa ubatizo, kwa hiyo unaweza kukuta tarehe ya ndoa na jina la babu yako limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Ukikuta hilo, umemfunga yule mtoto wa kitabuni na huyu bibi aliyekaa barazani kwa fundo lisilofunguka. Kwa Walutheri utafanya hatua moja zaidi: kitabu cha ndoa, jina la baba wa bibi arusi, halafu urudi kwenye ubatizo.

Hesabu ya watoto

Hata ukikosa kitabu, watoto wake ni kalenda. Chora mstari mrefu kwenye daftari, weka kila mtoto na mwaka wake wa ubatizo, hai na marehemu. Kisha tumia kanuni mbili za mwili wa mwanamke. Kuzaa kabla ya miaka 15 ni nadra. Kuzaa baada ya 45 ni nadra, na baada ya 50 ni nadra mno.

Chukua mfano. Mwaka 2025 familia inasema bibi ana miaka 118, yaani alizaliwa 1907. Kifunguamimba alibatizwa 1938, kitinda mimba 1961. Kama ni kweli, alianza kuzaa akiwa na miaka 31 na akamaliza akiwa na 54. Mwisho huo haukubaliki, na mwanzo wake unashangaza kwa binti wa kijijini wa wakati ule. Sasa jaribu 1919: kifunguamimba akiwa na 19, kitinda mimba akiwa na 42. Hesabu inakaa. Bibi ana miaka 106 hivi, umri ambao wachache sana duniani wanaufikia, na hauhitaji kuongezwa hata siku moja.

Mtego uko kwa kifunguamimba. Mkubwa anayejulikana huenda si wa kwanza. Watoto waliofariki wachanga kabla ya ubatizo hawamo vitabuni, na wadogo zao hawawajui. Swali hili liulizwe na mwanamke, bibi akiwa peke yake, kwa sauti ya chini: “Bibi, kabla ya baba mkubwa ulishika mwingine?” Ukipata jibu, nyamaza kidogo. Wapo waliokaa na jina la mtoto huyo miaka 80 bila kuulizwa na mtu. Liandike jina lake kama yalivyoandikwa ya wengine.

Pima pia kwa ndugu zake wa kuzaliwa. Kati ya mtoto na mtoto, kwa mama anayenyonyesha, hupita miaka miwili hadi mitatu. Kama mdogo wake anayemfuata ana cheti cha 1922, bibi hawezi kuwa wa 1907 isipokuwa kuna ndugu wanne watano katikati wasiotajwa.

Kalenda ya matukio

Matukio yanasaidia ukiyauliza vizuri. Usiseme, “Unakumbuka treni?” Kila mtu anakumbuka treni. Sema, “Treni ilipofika Arusha, ulikuwa unabebwa, umeshang'oka meno ya mbele, unakata majani ya ng'ombe, au umeshavunja ungo?” Meno ya mbele hung'oka kwenye miaka 6 au 7. Binti anayepelekwa kukata majani na kubeba mzigo wake mwenyewe ana miaka 8 hadi 12. Mwili hukumbuka mahali ambapo namba hazikuwahi kuwepo.

Matukio yanayofaa kwa upande wetu ni haya: reli kufika Moshi 1911, Waingereza kuingia Moshi Machi 1916, shilingi kuanza kutumika 1921, chama cha wakulima wa kahawa KNPA 1925, reli kufika Arusha 1929, chama cha ushirika wa kahawa KNCU 1933, vita vya Hitla 1939 hadi 1945, Wameru kuhamishwa kutoka Engare Nanyuki 1951, Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu (mtawala mkuu wa Wachagga) 1952, Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, majivu ya Oldonyo Lengai 1966, na Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967. Kwa bibi aliyezaliwa 1920, treni ya Arusha ndiyo ya kushika, maana alikuwa na miaka 9. Reli ya Moshi alisimuliwa tu.

Na hapo ndipo penye hitilafu inayoongeza miaka mingi kuliko zote: kuchanganya alichokiona na alichosimuliwa. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Habari hiyo imesimuliwa kila jioni kwa vizazi, na bibi anaweza kuisimulia hadi mti wenyewe. Haina maana alikuwepo. Muulize, “Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikushika mkono?” Aliyeona atakutajia mahali na mtu. Aliyesikia atakuambia kisa kizima, kilichonyooka kama kinavyosimuliwa na wote.

“Vita vya Mjerumani” navyo vichunguze. Vita vyote viwili vilikuwa na Mjerumani. Uliza kama mapigano yalikuwa hapa, Kahe na njia ya Taveta, au kama vijana walichukuliwa kwenda ng'ambo, Bama (Burma). Jibu la kwanza ni 1916, la pili ni miaka ya 1940. Neno rupia au hela usilihesabu kuwa ushahidi. Hela ilikuwa sarafu ndogo ya Mjerumani, mia moja kwa rupia moja, lakini neno limebaki vinywani na hata mtoto wa chekechea analo. “Mwaka wa njaa” nao hautoshi, kwa sababu njaa zilikuwa nyingi. Uliza ilikuwa ya nzige au ya jua, na mtoto gani alikuwa mgongoni.

Uthibitisho wa kutosha unafananaje

Mfano wa kujifunzia ni Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1875, akafariki tarehe 4 Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, na hakuna mwingine ambaye umri wake uliothibitishwa umefika hapo. Nguvu ya umri wake haikutoka kwenye karatasi moja. Kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na cha ndoa yake ya 1896, na sensa za mji zinazomwonyesha nyumba kwa nyumba, miaka ikiongezeka kama inavyopaswa. Watafiti walikaa naye na kumuuliza majina ya walimu na watumishi wa nyumbani kwao, kisha wakayatafuta majina hayo kwenye kumbukumbu.

Hata hivyo mwaka 2018 kulitolewa hoja kwamba aliyefariki 1997 alikuwa binti yake Yvonne, aliyetambuliwa kuwa alikufa mwaka 1934, na kwamba alichukua nafasi ya mama. Watafiti wake walijibu mwaka uliofuata kwa kurudi kwenye nyaraka zilezile na kuonyesha kwamba hoja haishiki. Kwa familia ya Moshi fundisho ni la kikazi kabisa: thibitisha mwaka, halafu thibitisha kwamba mtu ni yuleyule tangu mwanzo wa mnyororo hadi mwisho. Swali la pili ndilo linalosahaulika.

Kwa bibi wa kwetu, lenga nyaraka tatu: moja ya utoto wake (ubatizo au kipaimara), moja ya katikati (ndoa au ubatizo wa mtoto wa kwanza), na moja ya sasa. Zote zitaje jina la baba yake au la mama yake. Zikikubaliana ndani ya mwaka mmoja au miwili, andika mwaka bila wasiwasi. Zikipishana miaka mitano, andika “takriban” na utaje sababu. Ukipata umri wa 115 na kuendelea, rudi mwanzo, utafute kosa kwanza, maana mara nyingi lipo: bibi na shangazi yake wamekuwa mtu mmoja.

Ndugu watakaokasirika kwa sababu umempunguza bibi miaka 12 hawakosekani. Waonyeshe mstari wa watoto, taratibu, wauhesabu wenyewe.

Kukaa naye

Ruhusa ni yake, si ya watoto wake. Mweleze kwa lugha anayoielewa kwamba unataka kuandika maisha yake ili wajukuu wasome, na mwambie sauti itahifadhiwa. Akisema hili lisiandikwe, usiliandike.

Nenda asubuhi baada ya uji, kati ya saa 3 na saa 5, wakati akili imetulia. Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Mara sita za nusu saa zina faida kuliko siku moja ya saa tatu. Usiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai, sabuni. Toa shikamoo, ngoja marahaba, mpe habari za watoto wako, kisha kaa upande wa sikio lake linalosikia. Wengi hupaza sauti hadi inakuwa kelele. Usikivu wa uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo shusha sauti iwe nzito, sema polepole, na mwache aone midomo yako.

Aongee lugha yake. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Mambo ya moyoni yako kwenye Kichagga, Kimeru au Kiarusha. Na Kichagga si kimoja: mjukuu aliyekulia Machame anaweza kupotea kabisa kwa bibi wa Rombo. Mweke karibu mkwe au binti anayeijua lugha ya kijiji hicho, lakini mmoja tu. Wakiwa wanne wanaanza kumsahihisha, na mkongwe akisahihishwa mara tatu hunyamaza.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, juu ya kanga iliyokunjwa, kama nusu mita kutoka mdomoni mwake, siyo juu ya meza tupu inayotetemeka. Zima redio, wafukuze kuku. Masika, Machi hadi Mei, angalia mawingu: mvua ikianza juu ya bati, sauti yake inapotea yote. Mwanzoni mwa kila kinasa taja tarehe, mahali na waliopo. Nusu saa ya sauti huchukua kama megabaiti 30, kwa hiyo pima nafasi kabla. Jioni hiyohiyo nakili kwenye kompyuta au flashi, na faili liite kwa tarehe na jina la kijiji. Kuyaandika maneno kutoka kwenye sauti kunakula saa nne hadi sita kwa kila saa moja iliyorekodiwa, na zaidi ukitafsiri.

Maswali mapana kama “maisha ya zamani yalikuwaje” huleta majibu mapana: yalikuwa magumu, watu walipendana. Mpe kitu mkononi. Weka ungo wa maharage mapajani mwake achambue. Utaona kidole gumba kinavyotenga jiwe na punje bila macho kusaidia, na katikati ya kuchambua ataanza kutaja soko gani walipeleka maharage, saa ngapi ya alfajiri waliondoka, walivuka mto gani na nani aliogopa. Mletee ndizi mshare na kisu, muulize mtori wa mzazi ulipikwaje. Mletee gome la mti wa msesewe, muulize alijuaje pombe ya mbege imefika uchungu unaotakiwa. Muulize zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ziligawanywaje na nani alipigana kwa ajili yake, na ni mara gani aliona mtu akiletewa jani la isale kuombwa msamaha. Kahawa nayo: waliimenya kwa mikono au kwa mashine, nani alipokea fedha, na yeye alinunua nini na zile zilizomfikia. Swali hilo la mwisho lina mengi kuliko yote, maana kahawa ilikuwa ya mwanamume, na soko la ndizi la mwanamke.

Akianza kurudia jambo moja, kupangusa macho au kujibu “ndiyo” kwa kila kitu, amechoka. Funga. Majibu ya mkongwe aliyechoka hufuata swali: ukisema 1915 atakubali, ukisema 1925 atakubali.

Kuandika

Tengeneza maandiko mawili. La kwanza ni refu, lina kila kitu, likiwa na tarehe, nani alisema nini na siku gani. La pili ni la kusomwa ibadani: maneno 600 hadi 700, yaani dakika sita hivi kwa msomaji asiyekimbia. La pili likatwe kutoka la kwanza, siyo kubuniwa upya.

Tangulia na jina lake la kuzaliwa na ukoo wa baba yake. Inasikitisha mno kusikia historia ya mwanamke inayoanza siku aliyoolewa. Taja mama yake kwa jina. Umri useme kwa kiwango cha uhakika ulio nao: “alizaliwa mwaka 1919 kwa mujibu wa kitabu cha ubatizo” au “takriban mwaka 1919 kwa hesabu ya watoto wake”. Tarehe na mwezi usiziweke kama hazimo popote. Kwenye marumaru ya kaburi weka mwaka peke yake. Fundi akishachonga hakuna kufuta.

Wazao wahesabiwe nyumba kwa nyumba. Kila mtoto wa bibi apewe ukurasa wake. Chini yake wajukuu, kisha vitukuu, vilembwe, na kama yupo, kining'ina. Weka alama kwa waliotangulia, na msomaji aseme wazi kama jumla ni ya walio hai au ya wote. Kosa la kawaida ni mtoto aliyelelewa na bibi kuhesabiwa mara mbili, kwa mama yake na kwa bibi. Hesabu ifungwe kwa tarehe, maana katika ukoo wa watu 150 kuna mtoto mchanga karibu kila mwezi.

Ugomvi wa mipaka ya kihamba, maradhi ya mtu mwingine na watoto waliopatikana nje ya ndoa vibaki kwenye daftari refu, na tu kama bibi ameridhia. Picha ya kitambulisho chake au namba yake isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sababu matapeli wanaitafuta.

Msomee yeye mwenyewe andiko fupi akiwa hai, kwa lugha yake. Atarekebisha majina ya watu na ya mito, na mara nyingi ataongeza jambo ambalo hakulisema kwenye vikao vyote sita. Siku ya kifo, anayekwenda kufuatilia cheti RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, abebe nakala za nyaraka zilizokubaliana, kwa sababu umri utakaoandikwa pale ni ule utakaotajwa na mleta taarifa. Nakala za andiko refu ziwe tatu: moja kwa kitinda mimba anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, moja ofisini kwa usharika au parokia, na moja kwa mjukuu anayeishi mbali na moshi wa jikoni, ikiwa pamoja na flashi ya sauti zote, na flashi hiyo inakiliwe upya kila baada ya miaka mitatu.